Mlinzi wa Taa Hakulala

Jumatatu, 10 Machi

Nimemkosea baba mkwe wangu. Naandika hilo mwanzo kabisa ili nisije nikazunguka, maana kuzunguka ndiyo kazi yangu na naijua sana.

Hili ni daftari la safari. Kila dereva wa kampuni yetu anapewa moja: tarehe, wageni wangapi, vituo, hali ya hewa, sahihi. Kurasa za mbele nimejaza hivyo hivyo. Za nyuma hakuna anayezifungua, basi nitaandika huku.

Mimi ni dereva na ni mtembeza wageni, vyote viwili, mwaka wa ishirini huu. Mgeni anachukua gari siku nzima, yeye na watu wake tu. Namfuata hotelini saa mbili asubuhi, namzungusha kisiwa kizima, vituo saba, namrudisha saa kumi na mbili jioni. Bustani, pango, maporomoko, soko, kilima cha kupigia picha, ufuo mweupe, na mwisho mnara wa taa. Pale mnarani ndipo anapokaa baba wa mke wangu. Alikuwa mlinzi wa taa tangu taa inawashwa kwa mafuta. Siku hizi inajiwasha yenyewe, ila yeye ameachiwa nyumba ndogo pale chini, na kila asubuhi anafagia ngazi na kufuta vioo. Ngazi mia moja na kumi na mbili. Hakuna aliyemtuma.

Maji ya bahari yakitoka, mbavu za meli iliyozama zamani zinaonekana kwenye miamba. Kila mgeni anauliza. Miaka tisa iliyopita, siku ya mvua kama leo, maporomoko yamefungwa, wageni wamenuna garini toka asubuhi, nilifika pale nimeishiwa maneno. Mzee alikuwa kwenye kiti mlangoni, amesinzia kidogo baada ya kufagia. Wakaniuliza ile meli ilikuwaje. Nikamnyooshea kidole: "Muulizeni huyo. Alilala."

Walicheka mpaka mmoja akashika tumbo. Mzee akashtuka, akawaona, akawapungia mkono. Alipunga wa kushoto, ndivyo anavyopunga siku zote. Nikaongeza: "Wa kulia bado umelala."

Basi, toka siku hiyo kila safari. Nasema kwa lugha yao, yeye haijui. Akisikia kicheko anadhani watu wamefurahi kumwona. Anavaa kofia yake ya kazi, anapunga. Miaka tisa anapunga.

Jana nilimpeleka mwalimu mmoja mstaafu, mama mtu mzima. Hakuniambia kwamba amejifunza lugha yetu. Nikampigia hadithi yangu, hakucheka. Akaenda kukaa na mzee pale mlangoni. Mimi nikajifanya naangalia tairi. Nikamsikia anauliza polepole, kama mtu anayesoma kitabuni: "Mzee, ni kweli siku ile ulilala?"

Mzee akaniangalia mimi, si yeye. Halafu akavua kofia.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Wageni wawili. Mnarani mlango umefungwa, kofia imetundikwa msumarini kwa nje.

Ijumaa, 14 Machi

Kila Ijumaa jioni mzee anakuja kula kwetu. Siku nne nawaza Ijumaa hii atamwambia binti yake. Hakumwambia. Alikula, akauliza habari za watoto shule, akauliza paa linavuja au halivuji. Kisha akasema, "Bwana mkwe, nisogezee chumvi."

Alipoondoka mke wangu akaniuliza, "Umemfanya nini baba?"

"Mimi? Nimfanye nini?"

"Kakuita bwana mkwe."

"Si ndiye mimi?"

"Miaka kumi na minane anakuita mwanangu. Leo bwana mkwe. Na wewe chumvi umeisukuma kama vile inauma."

Nikasema nimechoka. Nilikuwa nimechoka kweli, hilo si uongo.

Jumatano, 19 Machi

Mvua siku ya kumi. Leo nimepewa maharusi. Bustanini wamekaa saa nzima na dakika kumi kwenye ua moja, bwana anampiga mkewe picha, mkewe anampiga yeye, halafu wote wanalipiga ua. Pangoni bwana harusi ameniuliza kama popo wanaweza kutolewa nje kidogo. Kwenye maporomoko mto umebeba daraja la magogo. Nikawaambia hatuvuki.

"Litarudi saa ngapi?"

"Nani?"

"Daraja."

Nimehesabu moja mpaka ishirini huku nawasha gari. Nikawaza mnara nitauruka leo, niwapeleke ufuoni wakae mpaka jioni. Bibi harusi akatoa simu: "Sasa tupeleke kwa yule babu anayelala." Kumbe kuna watu wameandika. Imo kwenye simu, na picha ya mzee anapunga, na watu mia wamecheka chini yake.

Nikasema, "Hakulala."

"Kumbe? Basi ilikuwaje?"

Nikafungua mdomo nikakuta sijui. Miaka kumi na minane ni baba mkwe wangu, miaka ishirini naonyesha watu ile meli, na sijui ilikuwaje. Nikawaambia ni hadithi ndefu. Bwana harusi akasema basi afadhali ile fupi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimezungusha vituo sita nikarudisha watu. Walikuwa wanahesabu kwa vidole. Meneja kanipigia kabla sijazima gari: "Cha saba kiko wapi?" Nikasema mvua. Akasema mnara una paa.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Gari limekwama njia ya kilimani. Mgeni amenishikia mwavuli nikiwa chini ya gari, yaani amejishikia yeye.

Jumatano, 2 Aprili

Leo meneja ametukusanya madereva wote ofisini. Ametufurahia kweli. Anasema mvua imefunga maporomoko na nusu ya barabara, lakini kituo cha saba kinatubeba, watu wanakuja kwa ajili ya babu anayelala. Kwa hiyo kampuni inaweka kibao kikubwa pale mnarani, kimeandikwa kwa lugha mbili: Hapa mlinzi wa taa alilala na meli ikazama. Fundi wa vibao ameshapewa kazi. Kitafunguliwa Jumapili ya tarehe 4 Mei saa tisa alasiri, kila gari lilete wageni wake.

"Na pembeni ya kibao," akasema, "tunaweka kiti. Mzee atakaa pale na kofia yake, ajifanye amesinzia. Watu wapige picha."

Wenzangu wakapiga makofi. Kipaza, kijana tuliyempa jina hilo kwa sauti yake, alisimama kabisa kupiga makofi.

"Na wewe," meneja akanigeukia, "kwa kuwa ni mkweo, utamweleza wewe. Mzee atakusikiliza."

Nimefika nyumbani nimekaa uani na viatu vyangu vyenye matope. Mke wangu akatoka na beseni la nguo, akaniona, akaliweka chini. Nikamwambia yote. Sikuruka hata la mkono wa kulia.

Hakupiga kelele. Ningependa apige kelele. Aliendelea kukunja nguo ambazo bado mbichi.

"Miaka tisa," akasema.

"Miaka tisa."

"Na ile mikate anayokuwekea ukipita na wageni, ulikuwa unakula."

"Nilikuwa nakula."

Akakunja shati langu, akalikunjua, akalikunja tena. Ndipo akaniambia. Ilikuwa mchana, saa tisa, mvua imefunga mpaka giza. Mafuta ya taa yalikuwa hayajaletwa wiki tatu, na baba yake ameshaandika barua mbili. Akaiona meli inakuja na taa hana. Akakimbilia kengele kubwa iliyo pale juu. Kamba yake ilikatika siku nyingi, nayo aliiandikia barua. Basi akawa anaisukuma ile kengele yenyewe kwa bega.

"Kwa bega, baba watoto. Mpaka magharibi. Mimi nilikuwa na miaka tisa, ndiye niliyekuwa nampandishia maji ya kunywa. Watu kumi na mmoja waliifuata ile sauti kwenye mashua yao, wakatokea pale mchangani. Meli ilikwenda, mtu hakwenda hata mmoja. Bega la kulia halikunyanyuka tena toka siku hiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Kuna siku uliuliza?" Akabeba beseni. "Umekaa naye meza moja miaka yote hii, anashika kikombe kwa kushoto, unamtazama. Wewe unajua urefu wa maporomoko, unajua popo wangapi wako pangoni. Bega la baba hukuuliza."

Popo sijui idadi yao. Huwa nasema elfu sita.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimefika mnarani alfajiri, kabla ya kuwafuata wageni, nikapanda juu. Nimeisukuma kengele kwa bega. Mara sita imelia. Ya saba nimekaa chini.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimekwenda kwa mzee bila gari, kwa miguu, kwenye mvua. Nilitaka nifike nimelowa, sijui kwa nini, labda nilidhani itasaidia. Alinipa taulo, akanipa kiti. Nyumba yake ni chumba kimoja na jiko. Vitambaa vya kufutia vioo vimekunjwa rafuni, vyote sawasawa.

Sikuanza mimi. Alianza yeye.

"Meneja wako kapiga simu. Anasema wewe utanieleza zaidi. Nikikaa kwenye hicho kiti, mdomo niache wazi au nifumbe?"

"Baba..."

"Nauliza. Mimi sijui wenye kusinzia kazini wanakaaje. Wewe ndiye mwenye kujua."

Nikapiga magoti. Nikasema Baba nimekukosea, nilikuwa naongea upuuzi ili watu wacheke, sikujua habari ya kengele, nisamehe. Nikasema maneno mengi. Nina maneno mengi mimi. Aliacha yakaisha.

"Simama, sakafu ina maji," akasema. "Sikiliza. Ulinisema kwa lugha nisiyoijua, mbele ya watu nisiowajua. Leo unaniomba msamaha kwa lugha ninayoijua, tuko wawili tu na mlango umefungwa. Hayo ni mambo mawili, bwana mkwe. Hili la leo nimelipokea. Lile lingine bado liko huko nje linatembea."

"Niwaambie kiti hutaki?"

"Waambie nitakaa. Nimelala midomoni mwenu miaka tisa, kiti kitanizidishia nini?"

Akaninyang'anya taulo akalianika. Nimerudi nyumbani na mvua ileile.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemwambia meneja ukweli wote. Amesikiliza huku anatazama simu. "Kaka, mgeni hasafiri masaa kumi na nne kuja kusikia mafuta yalichelewa. Mafuta kuchelewa anayo kwao."

Nikasema mzee aliokoa watu kumi na mmoja kwa bega lake.

"Nzuri," akasema. "Lakini haichekeshi."

Jumatano, 9 Aprili

Fundi wa vibao ana karakana nyuma ya soko. Kibao kimelazwa juu ya meza mbili, lugha yetu imekamilika, ya wageni bado nusu. Nikamwomba aandike mengine.

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Na haya ya kwanza, nani aliyasema?"

"Mimi."

"Basi nenda ukakubaliane na wewe mwenyewe kwanza," akasema, "rangi nyekundu haifutiki upesi."

Jumamosi, 12 Aprili

Hii nataka niiandike yote maana nikiiacha itanipasua.

Kituo cha saba, mvua ya rasharasha. Nina wageni watatu. Nimewapanga chini ya ukingo wa paa, nawaeleza kwa lugha yao, taratibu, na mikono yangu naonyesha: taa haikuwa na mafuta, kamba ilikatika, bega. Nilikuwa nimefika kwenye mashua. Nyuma yangu likaingia gari la Kipaza na watu sita. Akashuka, akanyoosha kidole kwenye mlango wa mzee, mlango umefungwa, haidhuru: "Humo ndani! Hata sasa hivi amelala!" Sita wote wakacheka. Wageni wangu wakageuka.

Nikamfuata. Akanivuta pembeni kabla sijasema, akaninong'oneza kwa heshima kabisa.

"Kaka, samahani, usinielewe vibaya. Hadithi unaiharibu."

"Hadithi ni yangu. Nimeitunga mimi."

"Kila mtu anasema hivyo. Hata yule wa gari la kijani anasema ni yake."

"Kipaza, si mimi niliyekufundisha? Ulikaa kiti cha nyuma na kalamu, ukaandika neno kwa neno."

"Ulinifundisha vizuri, kaka. Ndiyo maana ukikosea naona." Akanipiga bega kidogo. "Na mkono umeusahau. Ule wa kulia bado umelala. Pale ndipo wanapokufa kwa kicheko."

Nikamwambia ule mkono ulikufa kwenye kengele, na yule mzee ni baba wa mke wangu. Akanitazama, akacheka, akadhani naongezea. "Hiyo kali," akasema. "Mkwe! Hiyo nitaitumia."

Niliporudi, wageni wangu wawili walikuwa wameshahamia kwa Kipaza. Wa tatu amebaki. Nikafurahi, nikaendelea na mashua. Kumbe anafunga kamba za kiatu.

Na dirisha la mzee lilikuwa wazi. Vicheko vyote anavisikia. Maneno hayajui, lakini siku hizi hahitaji kuyajua.

Miaka yote nilimwona Kipaza ni mpiga kelele tu. Leo nimemwona vizuri. Ni mimi, nimenenepa sauti.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Hakuna wageni. Nimeosha gari, likalowa, nimeacha.

Ijumaa, 18 Aprili

Mzee amekuja kula. Mke wangu akamwambia mbele yangu, bila kuzunguka, kwamba nimemweleza kila kitu. Mzee akaendelea kula. Kisha akauliza, anatazama sahani yake, "Hayo maporomoko wanayoyasifu. Yana nini?"

Nikajibu kama nilivyozoea, urefu, upana, rangi ya maji asubuhi.

"Sijauliza urefu."

"Hujawahi kufika, Baba?"

"Nani angebaki na taa?"

Nikamuuliza pango. Hajafika. Bustani, alipita nje ya uzio mara moja akienda kuzika. Kile kilima anakiona kwa mbali toka juu ya ngazi, na watu wadogo juu yake. Naizungusha dunia nzima kisiwa hiki miaka ishirini. Nimezungusha watu wanaouliza daraja litarudi saa ngapi. Huyu mtu mmoja hakuna aliyewahi kumfungulia mlango wa gari.

Mke wangu alinitazama.

Jumanne, 22 Aprili

Jua, kwa saa mbili nzima. Wanatengeneza daraja. Nimewauliza mafundi lini, wakasema wiki ijayo, nikawauliza ipi, wakacheka.

Alhamisi, 24 Aprili

Kibao kimesimikwa leo, kimefunikwa shuka. Kiti kimewekwa pembeni, kiti kizuri cha mbao chenye mto. Meneja amenituma nikachukue kofia ya mzee ikapigwe pasi. Nimekwenda, kofia nimeikuta msumarini palepale. Sikuichukua. Nikagonga, nikamuuliza kitu kingine. Akasema atakuwa tayari saa mbili, na kama kuna matope njiani nimwambie mapema avae viatu vya zamani.

Basi naandika ili nisirudi nyuma.

Leo kabla ya kuandika huku nyuma nimejaza ukurasa wa mbele, ule ambao meneja anaukagua na kupiga mhuri. Tarehe: 4 Mei, Jumapili. Wageni: mmoja. Vituo: saba. Gari zima, siku nzima. Mahali pa jina la mgeni nimeandika Baba. Akiuliza nitamjibu, akikataa nitachukua gari la shemeji.

Siku hiyo saa mbili asubuhi nitamfungulia mlango wa mbele. Bustanini atakaa kwenye ua analotaka, hata masaa mawili. Pangoni sitasema elfu sita, nitasema sijui. Daraja lisipokuwepo, mto nitamvusha mgongoni, na mke wangu atakuja nyuma na viatu. Anakuja naye, amesema tayari, na maji ya kunywa atabeba yeye.

Saa tisa tutafika mnarani, magari yote yapo, Kipaza yupo, meneja ameshika shuka. Kabla hajaivuta nitapanda ngazi ya tatu, pale ambapo kila mtu ananiona. Nitasema kwanza kwa lugha ya wageni, maana ndiko lilikoanzia: ile hadithi nimeitunga mimi, siku ya mvua, kwa kuishiwa maneno, mlinzi wa taa hakulala, alikuwa juu anaisukuma kengele kwa bega mpaka watu kumi na mmoja wakatoka, mkono wake wa kulia uko hivi kwa ajili hiyo, na mimi ndiye niliyeuchekesha. Halafu nitasema tena yote kwa lugha yetu, neno kwa neno, mlango wa mzee ukiwa wazi na yeye amesimama mbele yangu, ili ajue nimesema nini na awe na la kunisahihisha. Haitachekesha. Kipaza aandike.

Kisha kile kiti chenye mto nitakikalia mimi, mpaka gari la mwisho liondoke. Wapige picha wanavyotaka.

Jumapili, tarehe 4 Mei. Mahali pa hali ya hewa nimeacha wazi. Sahihi nimeshatia.